Kabla ya Kusoma Ratiba, Soma Bango: Nani Analipia Mafunzo ya Malisho?

Ndugu msomaji, ukialikwa kwenye mafunzo ya malisho endelevu, kabla hujaangalia ratiba angalia kwanza bango. Ratiba itakwambia saa ya chai. Bango litakwambia nani kainunua hiyo chai. Tazama pale chini, kwenye ule mstari wa nembo: nembo ya taifa, bendera ya nchi mfadhili, chuo kikuu fulani, kampuni moja usiyoijua, na mwishoni kabisa asasi yenyewe inayofundisha.

Nilikaa mbele ya bango la namna hiyo nikiwa nyumbani Hanga. Kwa wageni: nazungumzia Hanga ya Namtumbo, mkoani Ruvuma, ambayo wengi wanaijua kwa sababu ya abasia ya Wabenediktini. Wazee bado wanasema Hanga ya Songea, maana Namtumbo yenyewe ilikatwa kutoka Songea. Asasi iliyotualika siitaji, kwa kuwa shida ninayoieleza si yake peke yake. Mafunzo yalikuwa ya siku mbili, yenye daftari, kalamu na posho ya nauli. Mwezeshaji alichora duara ubaoni, akaligawa vipande sita kama chapati, akaeleza kwamba ng'ombe wanakaa kipande cha kwanza siku kadhaa, wanahamia cha pili, na kuendelea, ili majani ya nyuma yapate kupumzika.

Mzee mmoja mfugaji, aliyehamia kwetu kutoka Usukumani, akauliza swali fupi: duara hilo liko kwenye ardhi ya nani? Mwezeshaji akajibu kwa upole kwamba suala la ardhi ni la serikali ya kijiji, wao wanafundisha malisho tu. Mwenyekiti wa kijiji siku hiyo hakuwepo. Tukaenda kula.

Makala haya ni jaribio langu la kulijibu lile swali. Nitakosoa, lakini sio kwa sababu naona mafunzo hayana maana, wala kwa sababu fedha za serikali, yetu au za nje, ni sumu. Hoja yangu ni moja: mradi wa malisho unafaulu au unafeli kutokana na kile ambacho fedha imekinunua, na kutokana na nani anabaki na mamlaka juu ya nyasi fedha ikiisha. Mafunzo ni kitu rahisi kununua. Ndiyo maana yananunuliwa sana.

Duara lilitoka wapi?

Lile duara la vipande sita lina historia. Jina utakalolisikia zaidi ni la Allan Savory, mwanaikolojia wa Zimbabwe, ambaye kwa miongo mingi amefundisha kwamba mifugo ikikusanywa kundi moja na kuhamishwa kwa mpango, kwato zake zinavunja ukoko wa udongo, kinyesi kinarutubisha, na ardhi iliyokufa inafufuka. Kituo chake cha mafunzo kipo karibu na Victoria Falls, na kimewahi kupata fedha za USAID, lile shirika la misaada la Marekani. Mwaka 2013 alitoa hotuba ya TED iliyosambaa dunia nzima, akisema njia hii inaweza hata kurudisha nyuma mabadiliko ya tabianchi.

Wanasayansi wa nyanda za malisho hawakukaa kimya. Tayari mwaka 2008 David Briske na wenzake walikuwa wamekusanya majaribio yaliyolinganisha malisho ya mzunguko na malisho ya kawaida yasiyo na mzunguko, huku idadi ya mifugo kwa eneo ikiwa sawa. Katika majaribio 20 kati ya 23 yaliyopima uzalishaji wa majani, malisho ya kawaida yalilingana na ya mzunguko au yaliyapita. Yaani kinachoamua zaidi ni mvua na wingi wa mifugo kwa eneo, kuliko ratiba ya kuhama.

Watetezi wa mzunguko nao wana jibu, na ni haki ulisikie. Wanasema majaribio ya kwenye viwanja vya utafiti hayafanani na mfugaji halisi anayebadili uamuzi kila siku akitazama mbingu na majani. Hilo lina ukweli. Lakini ukilikubali, umekubali pia jambo jingine: kwamba anayetakiwa kuamua ni mtu aliyepo pale, anayeijua ile ardhi, na mwenye uhuru wa kuhama. Mwaka 1988 Jim Ellis na David Swift, wakiandika kuhusu Waturkana wa Kenya, walionyesha kwamba kwenye nchi kame ambako mvua haitabiriki, kuhamahama ndiyo mbinu yenyewe ya kuitunza mifugo na watu. Mfugaji wa Turkana alikuwa anafanya mzunguko kabla ya kufundishwa mzunguko. Alichokosa ni njia za kupita zisizozibwa.

Ng'ombe wa Hanga si ng'ombe wa Samburu

Kuna kasoro nyingine ya kisayansi kwenye duara lile, nayo inatuhusu sisi wa kusini moja kwa moja. Mbinu za kupumzisha malisho zimejadiliwa zaidi kwenye nchi kame, ambako tatizo kubwa ni uchache wa majani. Ruvuma sio nchi kame. Tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei, na misitu ya miombo iliyojaa. Kwetu Machi majani yanampita mtu kichwa.

Shida inakuja baadaye. Majani marefu ya miombo yanakua haraka, yanakomaa, na kadiri yanavyokomaa ndivyo protini inavyoshuka na nyuzi ngumu zinavyoongezeka. Tumboni mwa ng'ombe kuna mabilioni ya vijidudu vinavyomsaidia kusaga majani, na vijidudu hivyo vinahitaji naitrojeni ili vifanye kazi. Protini kwenye majani ikishuka chini ya kama asilimia 7, vijidudu vinalegea, chakula kinakaa tumboni muda mrefu, na ng'ombe anapunguza kula. Kwa hiyo Septemba unaweza kumwona ng'ombe amezungukwa na majani mpaka magotini lakini mbavu zinahesabika. Halafu weka juu yake moto wa porini unaowashwa kila kiangazi, na mbung'o wanaoeneza ugonjwa wa nagana.

Kwa mfugaji wa hapa, maswali ya kweli ni haya: nikate majani lini niyahifadhi kabla hayajakomaa? Mabua ya mahindi ya jirani yangu naweza kuyapata kwa makubaliano gani? Nani anawasha moto na lini? Kuhamisha ng'ombe kutoka kipande cha majani makavu yasiyo na protini kwenda kipande kingine cha majani makavu yasiyo na protini hakumnenepeshi mtu. Ukiona mafunzo ya Hanga yana picha zilezile za mafunzo ya Samburu, ujue mtaala umefuata mkondo wa fedha, haukuanzia kwenye mvua.

Umasaini, miaka ya 1970

Sasa twende kwenye fedha yenyewe. Hili halikuanza jana. Mwaka 1964 Tanganyika ilitunga sheria ya kuendeleza nyanda za malisho, na chini yake ikaundwa tume ya kusimamia malisho ya Umasaini. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 mpaka karibu 1980, Marekani kupitia USAID ilifadhili mradi mkubwa wa mifugo na malisho kwa Wamasai. Wataalamu walikuja, malambo yakachimbwa, majosho yakajengwa, na wafugaji wakahamasishwa kuunda vyama vya ranchi, cha kwanza kikiwa Talamai. Wazo lilikuwa kwamba chama kitakuwa na eneo lake, kitapanga idadi ya mifugo na kitazungusha malisho.

Wafugaji walipokea nini? Walipokea majosho na maji kwa mikono miwili, kwa sababu ndigana kali ilikuwa inaua ndama. Kupunguza mifugo hawakukubali kirahisi, na huwezi kuwalaumu: kwenye nchi ya ukame, idadi ya ng'ombe ndiyo akiba ya benki. Na ile ahadi ya eneo ikaingia kwenye matope. Katikati ya miaka ya 1970 ikaja operesheni ya vijiji, na sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ikakipa kijiji nafasi ya kuwa chombo kikuu cha vijijini. Chama cha ranchi kikabaki kikining'inia. Serikali ileile iliyokuwa mshirika kwenye mradi wa malisho ndiyo iliyobadilisha sakafu ambayo mradi ulisimama juu yake.

Mradi ulipofika mwisho na wataalamu wakaondoka, mitambo ikakosa vipuri na mafuta, tena katika miaka ya vita vya Kagera na uchumi kuyumba. Malambo mengi yakajaa tope. Majosho mengi yakakauka. Ukipima mradi ule kwa idadi ya semina na mashine zilizoletwa, ulifaulu. Ukiupima kwa swali la yule mzee, ardhi ya nani, haukuwahi kulijibu.

Kutoka kuhesabu semina hadi kuhesabu kaboni

Ruka miaka arobaini mbele, uvuke mpaka uende kaskazini mwa Kenya. Huko kuna Northern Rangelands Trust, kwa kifupi NRT, iliyoanzishwa mwaka 2004. Inaziunganisha hifadhi nyingi za jamii, inafundisha na kusimamia malisho ya kupangwa, na kwa miaka mingi imeungwa mkono na USAID, serikali na taasisi za Ulaya, na shirika la The Nature Conservancy. Ukitafuta mfano mkubwa Afrika Mashariki wa asasi ya malisho iliyojengwa juu ya fedha za serikali za nje, ndio huo.

Mradi wake uliozungumzwa zaidi ni wa kaboni ya udongo, unaohesabiwa kuanzia mwaka 2013, kwenye hifadhi 14 zenye jumla ya takribani hekta milioni 1.9. Hoja yake ni hivi: ng'ombe wakihamishwa kwa mpango, mizizi itakuwa mingi, kaboni itahifadhiwa udongoni, na tani hizo za hewa ukaa zitauzwa kwa makampuni. Meta na Netflix ni kati ya waliozinunua. Ona mnyororo ulivyo: serikali za nje zimelipia kujenga asasi, asasi imepanga malisho, malisho yamegeuzwa tani, tani zimeuzwa Marekani.

Machi 2023 shirika la Survival International lilichapisha ripoti kali iliyosema kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa ule mzunguko uliopangwa unafanyika kweli kwenye ardhi, na kwamba mradi unavuruga namna Waborana, Wasamburu na Warendille wanavyohama. NRT na washirika wake walizikataa hoja hizo. Verra, taasisi inayothibitisha vyeti vya kaboni, ikausimamisha mradi kwa mapitio, kisha baadaye mwaka huohuo ikauruhusu. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo, katika kesi iliyofunguliwa na wakazi wa eneo hilo, ikaamua kwamba hifadhi mbili, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha katiba. Biliqo Bulesa ni mojawapo ya hifadhi za mradi wa kaboni. Miezi michache baadaye Verra ikausimamisha tena.

Sitaki kukufanya uamini kwamba NRT haijafanya lolote jema. Imeajiri walinzi, imesaidia kupunguza ujangili, imelipia wanafunzi ada. Kasoro ninayoiona ni ya muundo wenyewe. Asasi yenye wafadhili wengi wakubwa inalazimika kuripoti juu, kwa Kiingereza, kwa namba. Mfugaji wa Biliqo hana fomu ya kuripotiwa. Alipotaka kuulizwa, ilibidi yeye na wenzake waende mahakamani.

Na usidhani hii ni habari ya Wakenya peke yao. Kwetu, kwenye vijiji vya Longido na Monduli, mradi wa kaboni ya udongo unaofanana na huo umeingia, na kati ya washirika wake ni kampuni iliyoundwa na Volkswagen na ClimatePartner ya Ujerumani. Vijiji vimepewa malipo ya awali, na mashirika ya Wamasai yametaka miradi hiyo isimamishwe kwanza mpaka wananchi waelewe wanachosaini. Sasa hivi ni kaskazini. Kesho soko likitaka misitu ya miombo na malisho yake, ni zamu yetu.

Jambo la mwisho kwenye sehemu hii. Tarehe 20 Januari 2025 Rais mpya wa Marekani alisimamisha misaada ya nje, na kufikia tarehe 1 Julai mwaka huohuo USAID ilikuwa imefungwa. Miradi iliyokuwa na nembo ile chini ya bango iliamka asubuhi moja ikiwa haina bajeti. Wapiga kura wa Ohio hawakuwa na habari na majani ya Samburu wala ya Simanjiro, na kwa kweli hawakuwa na sababu ya kuwa nazo. Ndiyo tabia ya fedha ya serikali ya nje: inafuata uchaguzi wa huko.

Shinyanga: fedha ya serikali ilipofanya kazi

Basi tuseme fedha za serikali na ubia havifai? Hapana. Tuna mfano wa nyumbani unaokataa jibu hilo, na nashangaa unavyosahaulika.

Katikati ya miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa inaitwa jangwa la Tanzania. Miti ilifyekwa tangu enzi za mkoloni ili kufukuza mbung'o, pamba ikaongezeka, ng'ombe wakaongezeka, na operesheni ya vijiji ikawaondoa watu kwenye maeneo yao ya zamani. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada wa serikali ya Norway kupitia NORAD, na baadaye kituo cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF, kikajiunga. Iliendelea mpaka 2004. Kwa hiyo bango lake lingekuwa na nembo kama za leo: serikali yetu, serikali ya nje, watafiti.

Tofauti ni kile fedha ilichokinunua. Miaka ya mwanzo mradi uliweka nguvu kwenye vitalu vya miti, na miti mingi haikushika. Halafu wataalamu wakaanza kusikiliza wananchi walichokuwa wakisema, na wananchi walisema ngitili. Ngitili ni eneo ambalo Msukuma analifunga msimu wa mvua, majani na miti vinakua bila kuguswa, kisha analifungua kiangazi ng'ombe wapate kula. Hakuhitaji mtaalamu kumchorea duara. Alihitaji mtu wa kuheshimu mpaka wa lile eneo, na mpaka huo ulikuwa umevunjwa na sera.

HASHI ikaweka fedha yake hapo: kuvisaidia vijiji na familia kutenga ngitili, kuzipima, na kuziacha sheria za jadi zifanye kazi. Mkutano wa jadi wa dagashida ukapitisha kanuni, sungusungu wakalinda, halmashauri zikaziandika kama sheria ndogo. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimebaki zilikadiriwa kuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimevuka hekta laki tatu. Mwaka 2002 UNDP iliipa kazi hiyo Tuzo ya Ikweta.

Nayo ina kasoro, tusiipambe. Ngitili nyingi ni za watu binafsi, na mwenye ardhi kubwa alifaidi kuliko asiye na ardhi. Palipo na ngitili ya kijiji, viongozi wasio waaminifu waliweza kuigeuza yao. Lakini mradi ulipokwisha, kilichobaki kilikuwa mikononi mwa watu wenye sababu ya kukitunza, na hakikuhitaji dizeli ya mfadhili.

Mfano mwingine mdogo zaidi uko Kiteto, ambako Wizara ya Mifugo, taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI na mfuko wa IFAD walivisaidia vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa kupanga matumizi ya ardhi kwa pamoja. Vijiji vikaunganisha malisho yao na kuyapa jina moja, OLENGAPA, lililotokana na majina ya vijiji vyenyewe. Kwa sababu ng'ombe hawajui mpaka wa kijiji, walilazimika kuanza na mpaka. Fedha ikalipia vikao, upimaji, ramani na hati. Ni kazi ya polepole, haina picha nzuri za kuweka kwenye ripoti, na migogoro haikuisha siku moja. Lakini swali la ardhi ya nani liliwekwa mbele.

Turudi Hanga

Yule mzee wa Usukumani hakufika Ruvuma kwa matembezi. Mwaka 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji kwenye bonde la Usangu, Mbarali, ili kuokoa maji ya Ruaha Mkuu, na wengi wakaelekezwa kusini. Wakati fulani baadaye, kwa njia moja au nyingine, mifugo ikafika Namtumbo na Tunduru, kwenye vijiji vya Wandendeule, Wangoni na Wayao ambavyo havikuwa na desturi ya makundi makubwa ya ng'ombe. Mashamba ya mahindi yakaliwa. Watu wakapigana. Na kila ugomvi unapotokea, pendekezo linalotolewa haraka ni elimu: wafugaji wapewe elimu, wakulima wapewe elimu.

Hapo ndipo ukosoaji wangu ulipo. Neno elimu limekuwa njia ya kukwepa uamuzi. Sheria zipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti juu ya ardhi ya kijiji. Sheria ya nyanda za malisho ya 2010 inairuhusu halmashauri ya kijiji kutenga eneo la malisho. Kinachokosekana mara nyingi ni fedha ya kupima, muda wa kukaa vikao, na ujasiri wa kumwambia mkulima na mfugaji kwamba kila mmoja atapoteza kidogo. Mfadhili anapenda kulipia semina kwa sababu semina inaisha ndani ya mwaka wa bajeti na ina orodha ya mahudhurio. Serikali inapenda kwa sababu semina haimkasirishi mtu. Asasi inapenda kwa sababu ndicho inachojua kufanya. Wote watatu wanaridhika, na mzee anarudi nyumbani na daftari.

Na fikiria kejeli iliyopo. Mtu aliyetoka kwenye nchi ya ngitili, yenye msimu wa kiangazi kirefu kama wetu, anakalishwa kwenye kiti afundishwe kupumzisha malisho. Huenda yeye ndiye angetufundisha sisi, na sisi tungemwambia kuhusu moto wa miombo na mbung'o ambao hajawahi kuishi nao kwa namna hii.

Watu wa Ruvuma tuna sababu ya ziada ya kuwa macho. Mkoa huu ndio uliozaa Litowa na Ruvuma Development Association, vijiji vya miaka ya 1960 vilivyojipangia mambo yao vikiwa na marafiki wa nje na baraka za Mwalimu. Mwaka 1969 TANU ilikivunja chama hicho. Somo lake halijazeeka: mshirika mkubwa anayekupa baraka anaweza pia kuzichukua, na kilichoandikwa kwa jina lako ndicho chenye nafasi ya kubaki.

Kwa hiyo, msomaji, ukialikwa mara nyingine, nenda. Kula chai, chukua daftari, sikiliza, maana mwezeshaji anaweza kuwa na jambo zuri. Halafu inua mkono. Uliza mradi una fedha kiasi gani, zinatoka serikali ipi, na sehemu gani inabaki kijijini. Kanuni za asasi za mwaka 2018 ziliitaka asasi itangaze fedha inazopokea na matumizi yake, lakini tangazo la gazeti halifiki kwenye mbao za matangazo za kijiji, kwa hiyo omba libandikwe pale. Uliza kama kuna tani za kaboni zinazohesabiwa, na nani atakuwa mwenye nazo. Uliza kama mradi una fungu la upimaji wa malisho, au una fungu la semina tu.

Na kama mwenyekiti wa kijiji hayupo, omba kikao kiahirishwe mpaka awepo. Siku ile Hanga tungefanya hivyo, yule mzee asingeenda kula akiwa hajajibiwa.